[UZI] Ryzen 5 3600: 4.4 GHz kwa 1.45 V na RAM 3800, sasa skrini nyeusi na taa ya DRAM haizimiki

#1 himbi_pc · Goma

Salamu wakubwa. Naweka kila kitu hapa mara moja ili tusipotezeane muda.

Prosesa: Ryzen 5 3600 na feni yake ya sandukuni, Wraith Stealth. Madabodi: MSI B450 Tomahawk MAX. RAM: bareti 2 za 8 GB, DDR4-3200 CL16, 1.35 V. Kadi ya picha GTX 1660 Super. SSD ya NVMe 500 GB, Windows 11. Pawasaplai ya wati 550.

Nilichobadilisha BIOS (mipangilio ya msingi ya madabodi) ili kuovakloki, yaani kukimbiza mashine kupita mwendo wa kiwandani, vyote kwa mpigo mmoja: kizidisho 44, yaani 4.4 GHz kwa viini vyote sita. Volteji ya prosesa 1.45 V ya kudumu, RAM 3800, FCLK (mwendo wa barabara ya ndani ya prosesa) 1900, volteji ya RAM 1.45 V. Kisha F10, kuhifadhi na kuwasha upya.

Dalili: feni zinazunguka, skrini nyeusi, kibodi haiwashi Num Lock. Kati ya zile taa nne ndogo za madabodi (CPU, DRAM, VGA, BOOT), ya DRAM (yaani RAM) inawaka na haizimiki. Nimezima na kuwasha kama mara kumi. Nimetoa betri ya BIOS dakika tano nikairudisha, hali ni ile ile. Prosesa imeungua?

#2 volti12 · Bukavu

Ulipotoa betri, kebo ya umeme ilikuwa imechomolewa ukutani?

#3 himbi_pc · Goma

Hapana yaya, kompyuta ilikuwa imezimwa tu.

#4 volti12 · Bukavu

Basi hujafuta kitu. Pawasaplai ikiwa bado imechomekwa, hata kompyuta ikiwa imezimwa, inaendelea kutoa volti 5 za kusubiri kwa waya wa zambarau. Umeme huo unatosha kuishikilia ile kumbukumbu ya mipangilio, betri iwepo au isiwepo. Unaweza kukaa bila betri hadi kesho na ile 3800 yako ikakungoja pale pale.

Fanya hivi, kwa mpangilio huu:

1. Zima swichi ya nyuma ya pawasaplai, kisha chomoa kebo ukutani. Vyote viwili.
2. Bonyeza kitufe cha kuwasha na ukishikilie sekunde 15. Feni ikizunguka kidogo au taa ikimeta, ni mabaki ya umeme kwenye kapasita yanatoka. Rudia mara moja.
3. Toa betri. Kwenye bodi yako kadi ya picha inaweza kukuzibia njia; kama inaziba, toa kadi kwanza, usilazimishe betri kwa bisibisi kutoka pembeni.
4. Tafuta pini mbili zilizoandikwa JBAT1. Zigusanishe kwa ncha ya bisibisi bapa sekunde 10. Hakikisha ni JBAT1 kweli, maana pini za jirani zinaweza kuwa za USB, na hizo ukizigusanisha hakuna faida utakayopata. Kitabu cha madabodi kina picha yake.
5. Subiri dakika 5, rudisha betri, upande wenye alama ya + uangalie juu.
6. Acha bareti MOJA tu ya RAM, uiweke kwenye nafasi iitwayo DIMMA2. Hesabu kutoka kwenye prosesa: ya pili. Siyo ya kwanza.
7. Rudisha kadi ya picha na waya wake wa umeme (3600 haina picha ya ndani, bila kadi utaona giza hata kama kila kitu ni kizima). Chomeka, washa, kisha ondoa mkono. Subiri dakika 3 kamili. Bodi inajifunza RAM upya, inaweza kujizima na kujiwasha mara mbili tatu. Wengi wanaikatiza hapo hapo kwa kudhani imeshindwa.

Kuhusu prosesa kuungua: dakika chache za 1.45 V kwa kawaida haziui 3600 papo hapo. Na taa iliyosimama ni ya DRAM, siyo ya CPU. Ukaguzi huenda kwa zamu, CPU kwanza halafu DRAM, kwa hiyo bodi ilishaivuka prosesa.

#5 fundi_katuba · Lubumbashi

Mimi ningetoa prosesa niangalie pini chini, na kubadilisha pesti ya joto papo hapo.

#6 mama_seva · Lubumbashi

Kaka Katuba, hapana, bado. AM4 (aina ya soketi ya prosesa hii) ina pini 1331 chini ya prosesa yenyewe, na Wraith Stealth imeshikwa kwa skrubu nne. Ukifungua skrubu ukavuta juu, pesti iliyokauka inang'oa prosesa kutoka kwenye soketi huku kishikio chake kikiwa bado kimefungwa. Pini zinapinda. Hapo mtu anakuwa ametengeneza tatizo la pili kabla hajamaliza la kwanza.

Kama siku moja italazimu: washa mashine dakika 10 pesti ipate moto, zima, fungua skrubu kwa mshazari, kisha zungusha hitisinki kidogo kushoto na kulia mpaka usikie imeachia, ndipo uinue. Kama mashine haiwaki kabisa, tumia kikausha nywele kuzunguka ukingo wa hitisinki dakika mbili tatu. Lakini kosa la mipangilio halipindishi pini. Usiguse kitu ambacho hukukigusa kabla ya tatizo kuanza.

#7 fundi_katuba · Lubumbashi

Nimekupata mama. Naondoa neno langu.

#8 himbi_pc · Goma

Imeonyesha picha! Bareti moja DIMMA2, ilijizima mara mbili, kama sekunde 50 hivi, kisha ukurasa wa MSI. BIOS inaandika RAM 2133, prosesa 3.6 GHz, tarehe imerudi nyuma miaka.

Lakini bareti ya pili nikiiweka DIMMB2, taa ya DRAM inarudi. Nikiiweka peke yake DIMMA2, vile vile. Bareti imekufa kwa sababu ya 1.45 V?

#9 volti12 · Bukavu

1.45 V kwa DDR4 siyo volteji ya kuua. Bareti nyingi za DDR4 za mwendo mkali zinauzwa zikiwa na 1.45 V, hata 1.5 V, kwenye profaili yake. Kabla ya kuitangaza imekufa angalia mambo mawili.

La kwanza, imekaa? Kwenye bodi nyingi kishikio cha upande mmoja ndicho kinachojifunga, upande wa pili hausogei. Unasukuma hadi upande unaojifunga unasikika "tak", halafu unadhani umemaliza, kumbe upande usiosogea umebaki juu kwa milimita moja. Weka dole gumba kila mwisho, sukuma kwa nguvu sawa. Ukitazama kwa ubavu, ukingo wa bareti uwe sambamba na nafasi yake.

La pili, vumbi. Goma mna lile vumbi jeusi la mawe ya volkano, punje zake ni ngumu na zinaingia kokote. Tazama meno ya dhahabu ya bareti chini ya taa ya simu, ukiinamisha polepole. Doa la kijivu au alama ya kidole kwenye meno mawili linatosha kuifanya bareti isisomeke.

Safisha kwa isopropili (alkoholi ya kusafishia) ya asilimia 90 kwenda juu na kitambaa kisichoacha nyuzi. Paka, futa kuelekea nje, acha dakika mbili ikauke. Nafasi yenyewe ya DIMM ipulizie hewa, usiingize pamba wala brashi ya chuma.

#10 kasiksi_byte · Bukavu

Duka la dawa wakikosa isopropili, ile ya kusafishia vidonda ya 70% inafaa?

#11 volti12 · Bukavu

Inafaa ukiwa na subira: ile 30% iliyobaki ni maji, kwa hiyo acha nusu saa badala ya dakika mbili. Angalia kibandiko kusiwe na mafuta wala rangi, zile za buluu zinaacha utando. Kifutio cha penseli nacho kinafanya kazi, ila lazima upulize mabaki yote, punje moja ikibaki kwenye nafasi umerudi mwanzo. Na kabla hamjauliza: lotoko, pombe yetu ya kienyeji, siyo isopropili.

#12 himbi_pc · Goma

Aksanti yaya. Bareti ya pili ilikuwa na alama ya kidole upande wa kibandiko, nimesafisha. Zote mbili sasa zinasomeka, 16 GB, 2133. Nikaingia Windows. Imepanda, baada ya dakika nne skrini ya buluu: MEMORY_MANAGEMENT. Nikawasha tena, sasa imeandika SYSTEM_SERVICE_EXCEPTION. BIOS yote iko mipangilio ya kiwandani, sikugusa kitu.

#13 mama_seva · Lubumbashi

Simama hapo, usiwashe Windows tena. Hii ndiyo sehemu ambayo watu wanapoteza data zao, na nyuzi nyingi za kuovakloki huwa zinaishia kwenye "imewaka, hongera".

RAM isiyotulia haizimi mashine tu. Kila faili ambalo Windows inaandika kwenye SSD linapitia RAM kwanza. Biti moja ikigeuka njiani, SSD itaandika kwa uaminifu kabisa kitu kilichokwisha kuharibika. Kwa hiyo kama kuna bareti mbovu sasa, au ile yenye alama ya kidole ilikuwa inakosea hata kabla, inaweza kuwa imeharibu faili za mfumo. Skrini mbili za buluu zenye majina tofauti, mipangilio ikiwa ya kiwandani, zina maelezo mawili: ama RAM bado inakosea sasa hivi, ama RAM ni nzima na faili za Windows ndizo zilizoharibika huko nyuma. Huwezi kuzitofautisha ukiwa ndani ya Windows. Zitofautishe nje.

Chukua kompyuta nyingine, pakua Memtest86+ toleo la 6 au jipya zaidi (ni bure, faili ni dogo, halitakula bando lako), iandike kwenye flashi. Washa, bonyeza F11, chagua flashi. Ikikataliwa, zima Secure Boot kwa muda. Iache imalize pasi 4. Kwa 16 GB kwenye 2133 hesabu saa kadhaa, kwa hiyo anza usiku, na uwe na UPS au uhakika wa umeme.

Jibu linalokubalika ni kosa sifuri. Siyo "makosa mawili tu". Likitokea hata moja, pima kila bareti peke yake kwenye DIMMA2, kisha ile nzuri uihamishie DIMMB2. Kosa likifuata bareti, bareti ni mbovu. Kosa likibaki kwenye nafasi, ni nafasi au prosesa haijakaa vizuri.

Na swali moja kabla hujaanza: SSD yako ina BitLocker (kufuli la Windows la kuficha data za diski)?

#14 himbi_pc · Goma

Sijui mama. Sikuiwasha mimi.

#15 mama_seva · Lubumbashi

Windows 11 huweza kujifunga yenyewe ukiingia kwa akaunti ya Microsoft. Fungua akaunti yako kwa simu, sehemu ya vifaa, utafute ufunguo wa BitLocker: tarakimu 48. Ukiwepo, uandike kwenye karatasi. Karatasi, siyo faili la ndani ya kompyuta hiyo hiyo.

Sababu: ulipofuta mipangilio, kwenye BIOS za zamani za B450 fTPM (sehemu ya usalama ndani ya prosesa inayotunza funguo) inarudi kuwa imezimwa. Windows ikikosa TPM yake itaomba hizo tarakimu 48. Ukiiwasha tena fTPM huwa inafunguka bila ugomvi. Lakini ukikutana na ujumbe mweusi wa BIOS unaosema data za fTPM zimebadilika na kukupa Y au N, bonyeza N. Y inafuta funguo, na kama tarakimu 48 huna, data zako umezifungia nje mwenyewe.

#16 kasiksi_byte · Bukavu

Wakati memtest inakimbia, swali la pembeni: kwa nini hakupima pawasaplai kwanza? Hapa kwetu umeme unashuka na kupanda, mimi ningeanza huko.

#17 volti12 · Bukavu

Kwa sababu dalili ilianza sekunde ile aliyobonyeza F10, na tatizo la pawasaplai halijui F10 ni nini. Ila kupima ni rahisi, na kwa umeme wetu ni jambo la kufanya, kwa hiyo nalieleza hapa.

Multimita kwenye volti za DC, ncha nyeusi kwenye waya wowote mweusi, ncha nyekundu unaichomeka kwa nyuma ya plagi ya pini 24 mashine ikiwa inafanya kazi. Njano: kati ya 11.40 na 12.60. Nyekundu: 4.75 hadi 5.25. Chungwa: 3.14 hadi 3.47. Zambarau, ile ya kusubiri: 4.75 hadi 5.25 hata mashine ikiwa imezimwa. Kama nyaya zako zote ni nyeusi, hesabu kwa namba ya pini kutoka kwenye mchoro.

Ile mbinu ya kuunganisha waya wa kijani (pini 16) na mweusi kwa klipu ya karatasi inakuonyesha kitu kimoja tu: kwamba pawasaplai inaweza kuwaka. Bila mzigo, hata mbovu inasoma 12.1 na kukutabasamia. Kipimo cha maana ni njano wakati wa kazi nzito: ikianzia 12.1 na ikashuka chini ya 11.6 huku prosesa na kadi ya picha zikivuta umeme pamoja, ianze kuwekewa akiba ya kubadilishwa, hata kama bado iko ndani ya kiwango.

Usiifungue. Umeme wa ukutani wa volti 220 ukigeuzwa unafika kama 311 kwenye kilele, na zenye PFC hai zinaupandisha karibu 400 ndani ya kapasita kubwa. Inabaki humo baada ya kuchomoa.

#18 himbi_pc · Goma

Memtest86+ pasi 4, makosa 0, bareti zote mbili pamoja. Ufunguo wa BitLocker nimeupata na kuuandika. fTPM niliikuta imezimwa kweli, nimeiwasha. Ule ujumbe wa Y/N haukutokea.

#19 mama_seva · Lubumbashi

Basi RAM ni nzima na faili za Windows ndizo zilizoumia. Kabla ya amri yoyote rekebisha tarehe na saa ndani ya BIOS. Tarehe ikiwa ya miaka ya nyuma, vyeti vya tovuti vyote vitakataliwa na utadhani intaneti ndiyo mbovu. Ndani ya Windows chagua ukanda wa UTC+2 wenye Harare na Pretoria, ndio saa yetu ya mashariki. Ukichagua wa Kinshasa utakuwa nyuma kwa saa moja. Wenye Linux, ni Africa/Lubumbashi, hata ukiwa Goma.

Kisha nakili kwanza faili zako muhimu kwenye diski ya nje. Baada ya hapo, terminali ya msimamizi, kwa mpangilio huu:

`chkdsk C: /f` (inakagua diski; itaomba kuanza upya, kubali)

`DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth`

`sfc /scannow`

DISM inatangulia sfc kwa sababu sfc hurekebisha faili kwa kuchukua nakala kutoka kwenye ghala la ndani la Windows. Ghala lenyewe likiwa limeharibika, sfc itakwambia imeshindwa kurekebisha baadhi ya faili, na watu wanakimbilia kupiga Windows upya. DISM ndiyo inayotengeneza ghala.

Tatizo ni kwamba DISM inavuta faili kutoka intaneti, na bando letu tunalijua. Ukiwa na ISO (faili la kusakinishia) ya Windows 11 ya toleo lile lile, ifungue kwa kubofya mara mbili, tazama imepata herufi gani, tuseme E, kisha:

`DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth /Source:WIM:E:\sources\install.wim:1 /LimitAccess`

Ile 1 ya mwisho ni namba ya aina ya Windows ndani ya ISO (Home, Pro na kadhalika). Itazame kwa `DISM /Get-WimInfo /WimFile:E:\sources\install.wim`. Kama faili ni install.esd, badilisha WIM iwe ESD na jina la faili vile vile. DISM ikikwama kwenye 62.3% kwa dakika kumi, iache. Inafanya kazi.

#20 himbi_pc · Goma

DISM imekamilika kwa ISO, sfc imesema imepata faili zilizoharibika na imezirekebisha. Saa sita sasa bila skrini ya buluu.

Swali langu la msingi linabaki. Kabla sijabadilisha chochote, HWiNFO (programu ya kusoma volteji na joto) ilikuwa inaonyesha prosesa inajipa yenyewe 1.44, 1.47 V. Ndiyo maana nikaona 1.45 ni salama. Wapi nilikosea?

#21 volti12 · Bukavu

Sasa tumefika kwenye kiini. Ulisoma namba sahihi, ukakosa kusoma ilikuwa inatokea lini.

3600 ikiachiwa ijiendeshe, inapanda hadi 4.2 GHz kwa kiini kimoja au viwili, kazi ikiwa nyepesi: unafungua ukurasa, unasogeza dirisha. Hapo inajipa 1.4 na kitu kwa sekunde chache, lakini ampea zinazopita ni chache. Mzigo ukija kwa viini vyote sita, yenyewe inashusha: mwendo unarudi kama 4.0 GHz na volteji inateremka karibu na 1.3 au chini. Fungua HWiNFO, kimbiza Cinebench R23 (kipimo kinachobebesha prosesa mzigo), utazame volteji inavyoporomoka dakika ile ile kazi inapoanza. Ule mteremko ndio ulinzi wa prosesa.

Wewe ulipoandika 1.45 ya kudumu, ulizima ule mteremko. Sasa hesabu. Nguvu inapanda kwa mraba wa volteji ukizidisha na mwendo. Kutoka 1.30 hadi 1.45: (1.45 ÷ 1.30)² ni 1.24. Kutoka 4.0 hadi 4.4 GHz: 1.10. Pamoja ni 1.37. Kikomo cha kiwandani cha soketi kwa 3600 ni wati 88. 88 × 1.37 ni wati 120 na kidogo, juu ya kipande cha alumini kilichotengenezwa kwa prosesa ya daraja la 65.

Volteji kubwa, ampea nyingi na joto vikikutana kwa pamoja ndivyo vinavyochosha silikoni: njia ndogo za shaba ndani ya chipu zinaliwa polepole. Haifi. Inachoka. Baada ya miezi, mwendo uliokuwa unatulia kwa 1.25 unadai 1.30, kisha hata mipangilio ya kiwandani inaanza kukwama.

#22 fundi_katuba · Lubumbashi

Naongeza kitu ambacho video za YouTube hazisemi kwa sababu wengi wao wako karibu na usawa wa bahari. Goma na Bukavu ziko kama mita 1,500. Hewa hapo ina uzito wa karibu 86% ya ile ya pwani, kwa hiyo feni ile ile, mizunguko ile ile, inabeba joto pungufu. Ukiona mtu ana nyuzi 78 na feni ya sandukuni, wewe jiongezee kadhaa. Huku kwetu Lubumbashi, karibu mita 1,200, hewa ni nzito kidogo, ila mwezi wa 10 na vumbi jekundu vinatulipiza kisasi. Kikomo cha 3600 ni 95, hapo inajipunguza mwendo. Lengo liwe chini ya 85 kwenye kazi nzito.

#23 himbi_pc · Goma

Na RAM 3800? Bareti zangu hazikuwa na makosa.

#24 volti12 · Bukavu

Makosa hayakuwepo kwa 2133, ndiyo uliyopima. Na hata bareti zingekubali 3800, bado kuna FCLK, ile barabara inayounganisha vipande ndani ya prosesa. Inatakiwa itembee sambamba na RAM, nusu ya namba ya RAM: 3200 inataka 1600, 3600 inataka 1800, 3800 inataka 1900. Chipu nyingi za Ryzen 3000 zinafika 1800 bila kelele. 1900 ni bahati ya chipu, na nyingi zinakataa hata kuwaka. Nadhani ndiyo iliyokuacha na taa ya DRAM, siyo RAM yenyewe.

Kama bado una hamu, rudi hivi, kitu kimoja kwa wakati:

Kwanza A-XMP (profaili ya RAM iliyowekwa na kiwanda chake) tu, 3200 na 1.35 V. Prosesa iache Auto. Memtest pasi 4, kisha OCCT (programu ya kupima utulivu) saa moja. Kaa hapo siku tatu.

Kisha, ukitaka, 3600 na FCLK 1800, volteji ya RAM 1.40, volteji ya SoC (sehemu ya prosesa inayoongoza RAM) 1.10 na isipite hapo. Saa za ndani za RAM (timings) legeza: 18-22-22-42. Memtest tena, usiku mzima. Ikitoa kosa, rudi 3200 na usahau. Tofauti kwenye gemu ni fremu chache ambazo jicho halizioni.

Prosesa, kwa feni hiyo, usiiguse. Kwa kweli kuovakloki Ryzen 3600 hakulipi. AMD walishaikamua karibu yote kiwandani, unachoongeza ni joto. Na usitafute Curve Optimizer (ya kurekebisha volteji) kwenye menyu, ilianza na Ryzen 5000.

Mwisho, fungua Event Viewer ya Windows, tafuta WHEA-Logger (orodha ya makosa ya vifaa). Namba 19 ni kosa lililorekebishwa, ukiliona ukiwa na FCLK 1800 ujue barabara inalalamika hata kama mashine haikwami. Namba 18 ni kosa la kuua, mashine inajiwasha upya. Ukipata 18 kwenye mipangilio ya kiwandani, ndipo turudi kuzungumzia prosesa iliyochoka.

#25 kasiksi_byte · Bukavu

Na kama kufuta mipangilio kungeshindikana kabisa?

#26 mama_seva · Lubumbashi

Bodi hiyo ina kitufe cha Flash BIOS nyuma. Flashi ya FAT32, faili la BIOS la modeli ile ile kamili (Tomahawk MAX na Tomahawk ya kawaida ni mafaili tofauti), ulibadilishe jina liwe MSI.ROM, flashi uichomeke kwenye tundu lenye alama yake. Plagi ya pini 24 na ya CPU ziwe zimechomekwa, mashine imezimwa, bonyeza kitufe. Taa inameta kama dakika 5, ikizima imemaliza. Umeme ukikatika katikati, bodi yenye kitufe hiki unaanza upya tu. Isiyo nacho inakwenda kwa fundi mwenye mashine ya kuandikia chipu. Usifanye kwa grupu (jenereta) yenye mafuta ya kubahatisha.

#27 himbi_pc · Goma

Ripoti: A-XMP 3200, memtest 0, OCCT saa moja safi, nyuzi 81 juu kabisa. WHEA hakuna. Nimebaki hapo, RAM 3600 sitaitafuta.

Kimoja kimebaki: nikichomoa kebo usiku kwa kuogopa umeme, asubuhi tarehe imerudi nyuma na A-XMP imezimika. Multimita inasoma betri 2.64 V.

#28 volti12 · Bukavu

Betri imeisha, mpya inasoma 3.0 hadi 3.2. Nunua CR2032, wauza saa wa Birere wanazo. Wakikupa CR2025 kwa kusema ni sawa, kataa: kipenyo ni kile kile cha milimita 20 lakini unene ni 2.5 badala ya 3.2, itakaa legelege na utarudi hapa kuuliza tena.